Kutafuta utajiri bila kutosheka: ni tabia ao ni ugonjwa wa akili?

Tarehe 6 novemba 2025, wenye hisa wa kampuni ya Marekani Tesla, inayotengeneza magari ya umeme, walipiga kura na kukubali mpango wa malipo ambao haujaonekana mahali pengine. Ikiwa kampuni itafikia malengo iliyojiwekea, kiongozi wake Elon Musk ataweza kupata hisa zenye thamani ya karibu dola miliari 1000 katika muda wa miaka 10. Mwezi mmoja mbele ya kura hiyo, gazeti la Forbes lilikuwa limemhesabu kuwa mtu wa kwanza duniani kufikia mali ya dola miliari 500.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu mwenye dola miliari 500 akitumia dola milioni 1 kila siku, bila kuingiza hata dola moja mpya, angehitaji zaidi ya miaka 1300 ili kuzimaliza. Upande wa Kongo, Banki ya dunia ilikadiria kwamba katika mwaka wa 2024 wanainchi asilimia 73,5 waliishi kwa chini ya dola 2,15 kwa siku.

Mbele ya namba kama hizo, watu wengi wanauliza swali moja, sokoni Kadutu sawa na katika ofisi za Ulaya: mtu ambaye tayari ana mali isiyoweza kumalizwa na vitukuu vyake, na bado anatafuta nyingine kwa nguvu zilezile, je, akili yake ni nzima? Swali linafanana na mzaha, lakini jibu lake linagusa maisha ya wakaaji wa Mashariki ya Kongo kuliko inavyoonekana.

Swali la zamani

Jambo hili halikuanza na matajiri wa leo. Zaidi ya miaka 2300 iliyopita, Aristotle wa Ugiriki alitenganisha aina mbili za kutafuta mali. Ya kwanza ni ile ya kuendesha nyumba: chakula, mavazi, mahali pa kulala. Hiyo ina kikomo, kwa sababu tumbo lina mwisho na nyumba ina kuta. Ya pili ni kutafuta pesa kwa ajili ya pesa yenyewe. Hiyo haina kikomo, kwa maana namba inaweza kuongezwa siku zote.

Katika mwaka wa 1930, wakati dunia ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi, Mwingereza John Maynard Keynes, mmoja wa wachumi wakubwa wa karne ya 20, aliandika insha juu ya maisha ya wajukuu wa kizazi chake. Alitabiri kwamba siku moja, watu wakiisha kushinda umaskini, wataweza kuita mambo kwa majina yake. Ndipo kupenda pesa kwa ajili ya kuimiliki tu, na si kwa ajili ya kuishi vizuri, kutahesabiwa kuwa karibu na uhalifu na karibu na ugonjwa, jambo la kupelekwa kwa waganga wa akili. Karibu miaka 100 imepita. Utajiri wa dunia umeongezeka mara nyingi, lakini siku aliyoitabiri Keynes bado haijafika. Kinyume chake, watu wa aina hiyo ndio wanaoombwa ushauri juu ya namna ya kuendesha inchi.

Waganga wa akili wanasema nini

Kwa upande wa sayansi, jibu la moja kwa moja ni hapana. Hakuna ugonjwa unaoitwa «tamaa ya mali» katika orodha ya magonjwa ya Shirika la afya ulimwenguni, OMS, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika mwezi wa kwanza 2022. Haumo pia katika DSM, kitabu ambacho waganga wa akili wa Marekani wanatumia kupima magonjwa.

Hata hivyo, katika vitabu hivyohivyo mna magonjwa mawili yanayofanana nayo sana. La kwanza ni la mtu anayelimbikiza vitu. DSM ililitambua kuwa ugonjwa wa kujitegemea katika mwaka wa 2013. Mgonjwa hawezi kutupa kitu, hata kama hakina faida. Magazeti ya zamani, chupa, nguo zilizochanika: vyote vinajaa nyumbani hadi mahali pa kulala panakosekana. Kumwomba aachane na kimoja tu kunamletea uchungu wa kweli.

La pili ni ugonjwa wa michezo ya pesa. Mwaka huohuo wa 2013, DSM iliuhamisha na kuuweka karibu na utumwa wa pombe na wa madawa ya kulevya. Sababu ni kwamba dalili zinafuatana. Mtu anahitaji kiasi kikubwa zaidi ili apate utamu uleule, anakosa raha akijaribu kuacha, anadanganya jamaa yake, na anaendelea hata wakati anaona hasara kwa macho yake.

Utafiti juu ya ubongo unasaidia kufahamu sababu. Kuanzia miaka ya 1990, mtaalamu Wolfram Schultz alipima chembe za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na tamaa na zawadi. Nyani akipewa matone ya maji ya matunda bila kutazamia, chembe hizo ziliwaka. Akiisha kuzoea na kujua kwamba matone yatakuja, chembe zilinyamaza wakati wa kuyapokea. Ziliwaka tena tu wakati zawadi ilipita ile iliyotazamiwa. Kwa maneno mengine, ubongo hauhesabu kile ulicho nacho, bali unahesabu kile kilichozidi matarajio. Ndiyo maana mshahara mpya unafurahisha kwa miezi michache, kisha unakuwa wa kawaida, na macho yanaanza kutazama ule wa jirani.

Lakini ubongo huo si wa matajiri peke yao. Ni wa kila mtu. Kwa hiyo dopamini inaeleza kwa nini tamaa inakuja, lakini haitoshi kuonyesha kwamba mwenye tamaa ni mgonjwa.

Pesa inaleta furaha, lakini

Jambo lingine linafaa kuwekwa wazi, kwa sababu maskini huambiwa mara nyingi kwamba pesa haina maana. Si kweli. Katika mwaka wa 2010, Daniel Kahneman na Angus Deaton wa chuo kikuu cha Princeton waliandika kwamba furaha ya kila siku ya Wamarekani ilipanda pamoja na mapato hadi karibu dola 75 000 kwa mwaka, kisha ikasimama. Katika mwaka wa 2021, Matthew Killingsworth alionyesha kinyume: furaha iliendelea kupanda. Wote wawili, Kahneman na Killingsworth, walikaa pamoja na kupima upya. Matokeo yao ya mwaka wa 2023 yanasema kwamba kwa watu walio wengi furaha inaendelea kupanda pamoja na mapato. Kwa wale wenye huzuni nyingi zaidi, karibu mmoja kwa watano, inasimama karibu na dola 100 000. Uchungu wao una chanzo ambacho pesa haikifikii.

Kwa hiyo kuwa na pesa hakumwharibu mtu. Kinacholeta shida ni kuifanya iwe lengo la kwanza la maisha. Tim Kasser na Richard Ryan, katika utafiti wao wa mwaka wa 1993 juu ya vijana wa Marekani, walikuta kwamba wale walioweka mafanikio ya pesa mbele ya mambo mengine yote walikuwa na hali mbaya zaidi ya roho: wasiwasi mwingi, huzuni nyingi, nguvu kidogo ya kuishi.

Kinachozuia waganga kuita hali hiyo ugonjwa ni kanuni yao wenyewe. Ili tabia iitwe ugonjwa, kwa kawaida ni lazima imletee mwenyewe mateso ao imzuie kuishi, kufanya kazi na kukaa na wengine. Mwenye kulimbikiza magazeti, majirani wanamkimbia. Mwenye kulimbikiza dola, majirani wanamkimbilia. Anayeteseka mara nyingi si yeye. Ni mfanyakazi wake, mlipa kodi, ao mkaaji wa kijiji chenye madini.

Kioo cha Kongo

Hakuna inchi inayoweza kufundisha dunia jambo hili kuliko Kongo. Kuanzia mwaka wa 1885 hadi 1908, inchi nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II wa Ubeleji, ambaye hakukanyaga hapa hata siku moja. Mpira na pembe za ndovu vilimpatia utajiri mkubwa, na watu walilipa kwa mikono yao na kwa maisha yao.

Kisha uhuru, akaja Mobutu Sese Seko. Tarehe 30 novemba 1973, alitangaza kwamba maduka, mashamba na kampuni za wageni zitapewa wananchi wa Zaïre. Wazee wa Bukavu na Goma wanakumbuka yaliyofuata: wakubwa na rafiki zao waligawana mali, wakauza bidhaa zilizokuwa katika maghala, na milango ikafungwa.

Miaka minne baadaye, katika hotuba ya mwezi wa 11 mwaka wa 1977, Mobutu mwenyewe alitoa jina kwa hali hiyo. Alisema juu ya «mal zaïrois», yaani ugonjwa wa Zaïre: inchi ambamo kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa, na ambamo kila mwenye sehemu ya mamlaka anaigeuza kuwa biashara. Maelezo yalikuwa sahihi. Lakini aliyekuwa akisoma orodha ya dalili ndiye aliyekuwa kichwa cha mgonjwa.

Katika mwaka wa 1978, Shirika la fedha la kimataifa, FMI, lilimtuma Mjerumani Erwin Blumenthal kusimamia Banki kuu ya Zaïre. Hakukaa sana. Ripoti yake ya mwaka wa 1982 ilisema wazi kwamba wenye kuikopesha Zaïre hawana matumaini ya kurudishiwa pesa zao, kwa sababu ya rushwa iliyokuwa juu. Wakati huo, Gbadolite ilikuwa na majumba ya kifalme na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kupokea ndege ya Concorde. Kule Ufaransa, kwenye pwani ya bahari ya Mediterania, Mobutu alikuwa na jumba lingine la kupumzikia.

Wananchi walipata noti. Mwishoni mwa mwaka wa 1992 ilitolewa noti ya zaïre milioni 5. Wanajeshi walipolipwa kwa noti hiyo mwezi wa kwanza 1993, wafanya biashara waliikataa, na Kinshasa ikaingia katika uporaji na mauaji ambamo hata balozi wa Ufaransa alikufa.

Mwisho wa historia hiyo unajulikana. Mobutu alikimbia mwezi wa tano 1997 na kufariki Rabat, Moroko, tarehe 7 septemba mwaka huohuo, baada ya kuugua kansa. Majumba ya Gbadolite yaliporwa. Pesa zake zilizopatikana na kufungiwa katika benki za Uswisi zilikuwa karibu franga milioni 7,7 za Uswisi tu. Katika mwaka wa 2009, kesi ilipokufa, zilirudishwa kwa warithi wake, si kwa Serikali ya Kongo.

Je, alikuwa mgonjwa wa akili? Chama cha waganga wa akili cha Marekani kina kanuni tangu mwaka wa 1973: mganga hana ruhusa ya kutangaza ugonjwa wa mtu maarufu ambaye hakumpima. Kanuni hiyo inafaa kwa Mobutu, kwa Musk na kwa wengine wote. Lakini historia inaonyesha jambo ambalo halihitaji mganga. Mobutu hakuiba peke yake. Kila aliyemzunguka alijua kwamba asipochukua leo, kesho mwingine atachukua. Katika hali hiyo, mtu mwenye akili timamu kabisa anafanya kama mwenye wazimu.

Anayechimba si anayelimbikiza

Hapa kuna kosa ambalo hufanywa mara nyingi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2021, habari za dhahabu zilipoenea huko Luhihi, katika teritware ya Kabare, watu kwa mamia walipanda mlima na majembe, masufuria na hata mikono mitupu, hadi wakubwa wa jimbo wakasimamisha uchimbaji. Dunia iliona video na kusema juu ya homa ya dhahabu. Mwezi wa tisa 2020, huko Kamituga, mvua kubwa ilifunga mashimo ya dhahabu na wachimbaji wanaokadiriwa kuwa 50 walikufa. Wengine walirudi katika mashimo mengine.

Kwa macho ya mbali, hiyo ni tamaa. Kwa macho ya karibu, ni hesabu. Anayeshuka shimoni anatafuta minerval ya watoto, dawa ya mama, mabati ya nyumba. Mahitaji yake yana kikomo, na angeweza kuyataja moja kwa moja. Vilevile mwenye duka ambaye anajenga nyumba ya pili na ya tatu si lazima awe na uchu. Katika inchi ambamo watu wengi hawana malipo ya uzeeni, ambamo noti zilikwisha kugeuka karatasi, na ambamo vita inaweza kufagia duka kwa siku moja, kulimbikiza ni namna ya kujilinda. Hofu ya mtu aliyekwisha kupoteza vyote si wazimu. Ni kumbukumbu.

Tofauti iko katika swali dogo: pesa hii ni ya nini? Anayeweza kujibu bado yuko katika ile aina ya kwanza ya Aristotle. Asiyeweza tena kujibu, isipokuwa kwa kusema «zaidi», amekwisha kuvuka.

Mlolongo usio na mwenda wazimu

Mfano wa Rubaya, katika teritware ya Masisi, unafaa kutazamwa. Kundi la M23 liliteka eneo hilo la koltani mwishoni mwa mwezi wa nne 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka huohuo kwamba kodi juu ya madini hayo ziliingizia kundi hilo karibu dola 800 000 kila mwezi.

Ukifuata njia ya koltani hiyo, hutakuta mwenda wazimu. Mchimbaji anataka kula. Mbebaji anataka siku yake. Negosian anataka faida kidogo. Mwenye silaha anataka kodi. Msafirishaji, kiwanda cha kuyeyusha, mtengenezaji wa simu na mwenye hisa wake wa mbali, kila mmoja anataka asilimia yake. Kila mmoja peke yake ana sababu zinazoeleweka, na wengi kati yao ni baba na mama wema nyumbani. Lakini ukijumlisha sababu hizo zote, unapata milima iliyotobolewa, vijiji vilivyokimbiwa na kambi za wakimbizi.

Ndiyo sababu neno «ugonjwa» linaweza kupoteza watu njia. Linawafanya watafute kichwa kibovu, wakati ubovu uko katika namna ya kuunganisha vichwa vizima.

Hatari mbili za neno hilo

Hatari ya kwanza ni kwa wagonjwa wa kweli. Katika vituo kama Sosame huko Bukavu ao Tulizo Letu huko Goma, wanapokelewa watu ambao vita, ubakaji na kupoteza jamaa vimewavunja. Tayari wanabeba mzigo wa kuitwa wachawi ao waliolaaniwa. Kuwaweka katika kikapu kimoja na wala hazina ni kuwaongezea haya ambayo hawakustahili.

Hatari ya pili ni kwa haki. Mgonjwa anahurumiwa na kutibiwa, mwizi anahukumiwa. Tarehe 20 mei 2025, Korti ya katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani Augustin Matata Ponyo miaka 10 ya kazi ngumu katika kesi ya shamba la Bukanga Lonzo. Mwezi wa tisa, Korti ya kasasyo ilimhukumu waziri wa zamani wa sheria Constant Mutamba miaka 3 katika kesi ya pesa za ujenzi wa gereza la Kisangani, zaidi ya dola milioni 19. Wote wawili walikana makosa. Mtu anaweza kukubali ao kukataa hukumu hizo, lakini swali lililoulizwa mbele ya mahakimu lilikuwa swali linalofaa: pesa za watu wote zilikwenda wapi?

Dawa iliyo katika Katiba

Ikiwa ubongo wa binadamu unazoea kila zawadi na kutaka nyingine, basi si busara kungojea kila kiongozi ajizuie mwenyewe. Kikomo kinapaswa kuwekwa nje yake. Hapo zamani kilikuwa macho ya kijiji: mwenye ng'ombe wengi alilazimika kuwagawia wengine, ama heshima yake ilianguka. Leo macho hayo yamegeuka. Mwanamuziki analipwa ili ataje jina la tajiri katika wimbo, na katika arusi viti vya mbele vinawekwa kwa ajili ya aliyetoa bahasha nene, bila kuuliza imetoka wapi. Jamii inayopiga makofi haiwezi kushangaa kwamba mchezaji haachi kucheza.

Lakini kikomo cha sheria kipo. Katiba ya tarehe 18 februari 2006, katika kifungu cha 99, inamlazimisha Raisi wa jamuhuri na wamemba wa Serikali kutoa kwa Korti ya katiba, kwa maandishi, orodha ya mali ya jamaa yao mbele ya kuanza kazi na wakati wa kuimaliza. Orodha hiyo inahusu pia mali ya bibi ao bwana na ya watoto wanaowategemea. Asiyeitoa kwa siku 30 baada ya kuingia kazini anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Na wakati wa kutoka, ikiwa orodha haikutolewa ao kuna mashaka ya utajiri usio na sababu, jambo linapelekwa mbele ya majaji.

Kifungu hicho hakiulizi kama kiongozi ana tamaa, ao kama anaugua. Kinauliza alikuwa na nini alipoingia, na ana nini anapotoka. Mwananchi wa Uvira, wa Beni ao wa Bunia hawezi kupima akili ya mkubwa wake. Lakini ana haki ya kuuliza orodha hizo mbili ziko wapi, na kwa nini ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza.